Shajara ya Mapazia: Nyumba Moja ya Moshono, Kuta Nne

Januari

Hali ilivyo: tumehamia, rangi imekauka, na madirisha yote yamezibwa kwa mashuka na kanga zilizobanwa kwenye nondo kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kila mgeni anauliza lini tutaweka mapazia. Tutaweka, ila hatununui seti. Maduka mengi ya hapa Arusha mjini yanauza mapazia kwa chumba: seti ya sebule, seti ya chumba cha kulala, rangi iendane na makochi. Mimi nataka kununua kwa ukuta. Chumba hakijui kama ni kiangazi au masika. Ukuta ndio unaopigwa na jua, mvua na vumbi.

Mpangilio wa nyumba, kwa anayetaka kulinganisha na yake: jikoni na chumba cha watoto vinatazama kaskazini, uliko Mlima Meru. Sebule inatazama magharibi kwa sababu barabara iko huko. Chumba chetu kiko mashariki, cha wageni kusini. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma, yana neti ya mbu kwa nje na nondo kwa ndani. Bati limetoka nje ya ukuta sentimita 60 pande zote.

Mwezi huu ni wa kuangalia tu. Sebule ndiyo yenye kesi. Saa 9 alasiri jua limeshaingia mita moja hivi kwenye zulia, na saa 11 limefika ukuta wa pili. Upenu hausaidii kitu, maana jua la jioni linakuja limelala, linapita chini ya bati. Chumba chetu kina shida hiyohiyo asubuhi, lakini saa 1 tunakuwa tumeamka, kwa hiyo hatulalamiki sana.

Upande wa kusini umenishangaza kwa utulivu wake. Arusha tuko kusini kidogo mwa ikweta, nyuzi 3 na ushee, hivyo Desemba na Januari jua la mchana linahamia kusini. Ningetegemea chumba cha wageni kiive. Hakiivi. Jua la Desemba saa sita na nusu linakuwa juu kiasi cha nyuzi 70, na kwa mwinuko huo upenu wa sentimita 60 unatupa kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu ukutani. Dirisha lote linabaki kivulini. Pazia zito la kuzuia joto upande huo ni hela ya kutupa.

Machi

Katikati ya mwezi huu, karibu na tarehe 12, jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa hapa kwetu. Litarudi hapo mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia sasa linaelekea kaskazini, nami nataka kuona chumba cha watoto kitafanyaje. Pazia lao linasubiri. Sebule haisubiri.

Dukani kijana ananiambia, "Dada yangu, hii ndiyo blakauti, haipitishi hata tochi." Nikawasha tochi ya simu na kuishikiza nyuma ya kitambaa. Kweli, giza tupu. Nikageuza upande wa pili: umepakwa mpira mweupe, unateleza mkononi, na una harufu ya plastiki mpya. Nikauliza kinafuliwaje.

"Hiki hakifuliwi sana, dada. Unafuta tu na kitambaa kibichi."

Kwa mtu anayekaa kando ya barabara ya vumbi, hapo biashara imeisha. Mpira wa namna hiyo ukikunjwakunjwa na kupigwa pasi ya moto unaanza kumenyuka, na ukishamenyuka pazia linakuwa na madoa ya mwanga kila mahali.

Jora la pili lilikuwa blakauti ya kufumwa. Halina mpira. Ukichungulia pale lilipokatwa unaona uzi mweusi umefichwa katikati ya nyuzi za rangi. Tochi ilipita, lakini kwa nukta ya kijivu tu. Hicho ndicho nimechukua, rangi ya kahawia iliyopauka. Giza la asilimia mia halina kazi sebuleni. Ninachohitaji ni kitambaa kinachokatisha jua la saa 10 na bado kinaingia kwenye beseni la Jumamosi.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliwa. Dirisha la sebule lina upana wa sentimita 180. Bomba litatoka 20 kila upande, jumla 220. Pazia la ringi likitaka kukaa na mawimbi mazuri linahitaji kitambaa mara mbili ya bomba, yaani 440, ukiongeza pindo za pembeni inafika 460. Kimo kutoka bombani hadi karibu na sakafu ni 235. Kitambaa cha upana wa sentimita 280 unakilaza: upana wake ndio unaokuwa kimo, unabaki na wa kupinda juu na chini, unanunua mita 5 na hakuna kiungo. Kile cha upana wa 150 unakata vipande vitatu vya mita 2.6, karibu mita 8 zote, unapungukiwa sentimita 10, na bado mishono inakutazama. Muuzaji anakutajia bei ya mita moja. Bei hiyo peke yake haikuambii lolote mpaka uulize upana.

Nimepita pia soko la Kilombero, hapahapa Arusha, kwa wauza mitumba. Mapazia ya mitumba yanadharauliwa bure. Mengi yametoka nchi za baridi, kwa hiyo yameshonwa mazito na yana bitana ndani, kitu ambacho fundi wa hapa atakutoza mara mbili kukishona. Namna ya kuchagua: lishike juu ya mwanga uone kama bitana imeliwa na jua. Jua huanza kula ukingo unaokaa katikati ya dirisha, pale mapazia mawili yanapokutana, na kitambaa kilichokwisha hapo ukikivuta kwa vidole gumba viwili kinachanika kwa sauti ndogo kavu. Nusa pindo la chini. Harufu ya kuvu ikishaingia kwenye bitana haitoki. Nimepata mawili ya kijani ya chumba cha wageni, marefu kupita kiasi, yatakatwa.

Aprili

Mvua zimeanza, fundi naye amekuja na drili. Juu ya kila dirisha kuna linta ya zege yenye nondo, na bomba linatakiwa hapohapo. Tundu la kwanza lilikwenda vizuri. La pili biti ikaanza kulia, unga unaotoka ukabadilika kutoka kijivu kuwa cheusi kinachometa. Fundi akasimamisha mashine, akapuliza tundu, akachungulia.

"Nondo, dada. Tukilazimisha tunaua biti, na linta yenyewe hatuitendei haki."

Akapendekeza tupande juu sentimita chache, nje ya linta. Huko juu ni tofali na lipu, na bomba la pazia zito lenye fisha mbili, vile vijiplastiki vya kushikia skrubu, kwenye lipu litang'oka siku mtoto akining'inia. Tulikubaliana kufunga kwanza ubao wa saiprasi wa urefu wote wa bomba, umeshikwa na fisha tano zilizotawanyika pale zinapokubali, kisha viango vya bomba vikafungwa kwenye ubao. Umepakwa rangi ya ukuta, hauonekani. Nimeamua madirisha yote yafungwe hivyo. Na yeyote anayekushauri ufunge bomba kwenye dari ya jipsamu muulize kwanza kama juu yake kuna mbao.

Bomba zote ni za njia mbili: ya nyuma kwa shiya, ile pazia nyepesi inayopitisha mwanga, ya mbele kwa pazia zito. Hapo ndipo majira yanapopatiwa jibu. Huhitaji mapazia ya kiangazi na mengine ya baridi yakipokezana kabatini. Unahitaji tabaka mbili na mkono wa kuzivuta kwa saa yake.

Fundi cherehani naye ana sheria yake: ringi lazima ziwe shufwa. Kila pazia la sebule lina 12. Ringi zikiwa shufwa, kingo zote mbili zinageukia ukutani. Zikiwa witiri, ukingo mmoja unatazama sebuleni, pazia linaonekana limejisahau. Sikuwahi kulifikiria hilo na sasa siwezi kuingia nyumba ya mtu bila kuhesabu.

Mei

Masika imefanya ukaguzi wake. Mvua ya upepo imeingia kwa dirisha la mashariki, ikajaa kwenye reli ya chini ya aluminiamu na kumwagikia ndani. Reli hizo zina vitundu vya kutolea maji upande wa nje. Vyetu vilizibwa kwa saruji siku za lipu. Nimevizibua kwa waya, na mvua iliyofuata maji yalitokea nje, yalikotakiwa kutokea tangu mwanzo. Kabla hujatukana pazia kwa kulowa, angalia vitundu.

Jambo jingine la masika ni kimo. Wengi wanapenda pazia limwagike sakafuni kwa mikunjo. Kwenye picha linapendeza. Hapa, miezi ya Machi hadi Mei, sakafu haikauki vizuri na nguo zilizoanikwa ndani zinakaa siku mbili bila kukauka. Pindo linalolala chini litaota kuvu. Yetu yameachwa kidole kimoja juu ya vigae. Asubuhi yanavutwa yote pembeni hata kama mvua inanyesha, ili ukuta wa nyuma yake upumue.

Chumba chetu nimekishonea pamba na bitana ya rangi ya maziwa. Kabla ya kukata nililoweka kipande cha mita 1 usiku kucha, nikakianika, nikakipima: sentimita 96. Pazia la sentimita 235 lingepoteza tisa na ushee kwenye fuo la kwanza na kubaki limening'inia. Kitambaa chote kikaloweshwa kabla ya kugusa mkasi. Fundi hakufurahia kupiga pasi mita zote zile.

Julai

Hii ndiyo miezi niliyokuwa naisubiri. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa saba joto linashuka hadi nyuzi 12 au 13. Nyumba zetu hazina cha kupashia joto. Asubuhi wingu limekaa juu ya mji, mlima hauonekani, na watoto wanavaa sweta kunywa chai.

Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Pasua, Moshi. Tumemwamkia, amekaa kidogo, akaomba blanketi.

"Mwanangu, huku mnaishi ndani ya friji."

Moshi iko chini yetu kwa zaidi ya mita 500, na tofauti hiyo unaivaa mwilini. Usiku wa kwanza alilala chumba cha wageni, chenye yale mapazia ya mitumba, akasema hakusikia baridi ya dirishani. Niliyachunguza usiku. Baridi ya kioo inapoza hewa iliyo karibu nacho, hewa hiyo inakuwa nzito, inashuka na kutokea chini ya pazia, na hewa ya chumbani inavutwa juu kuchukua nafasi yake. Ukifunga juu umekata mzunguko. Pale ubao wa saiprasi umetoka mbele kidogo, pazia linakaa karibu nao, na pembeni nimelirudisha likaushika ukuta kwa kulabu ndogo. Chumba cha watoto, ambacho bado kina shuka, ukiweka mkono chini ya dirisha unahisi ubaridi unaotiririka.

Lakini habari kubwa ya mwezi ni dirisha hilohilo la watoto. Juni na Julai jua liko kaskazini, na mwinuko wake saa sita na nusu ni nyuzi 63 tu. Upenu hauwezi kulifunika dirisha lote. Wingu likipasuka, kuna utepe wa jua chini ya dirisha, upana wa kiganja kimoja na nusu hivi adhuhuri, na saa 3 asubuhi au saa 9 alasiri unapanda hadi nusu ya kioo. Ni jua la bure, katika mwezi pekee tunaolihitaji, kwenye chumba chenye baridi kuliko vyote. Desemba dirisha hilo halipati jua la moja kwa moja hata kidogo. Upenu na mwelekeo vimeshafanya kazi ya kuchagua majira.

Kwa hiyo wamepata shiya nyembamba kuliko zote, ya kuachwa wazi mchana, na pazia zito lenye bitana nene, linalovutwa hadi pembeni kabisa ya ukuta lisile hata sentimita ya kioo. Bomba la dirisha hili nimelirefusha sentimita 35 kila upande kwa sababu hiyo. Linafungwa saa 12 jioni, kabla kioo hakijapoa. Tukichelewa mpaka saa 2 tunafungia baridi ndani.

Asubuhi kioo kinatoka jasho. Maji yanakusanyika kwenye kizingiti na kunyonywa na bitana. Kitambaa kikavu cha kufutia kinakaa pale dirishani, na zamu ni ya mtoto mkubwa. Anasahau. Tunakumbushana.

Mama mkwe alitaka nimshonee mapazia kama haya ya kijani. Nilikataa kwa heshima zote. Nyumba yake tatizo lake ni Januari na Februari, usiku wa joto, dirisha wazi, anatafuta hata upepo wa kuhonga. Pazia zito pale litamnyonga. Tumekubaliana nusu pazia: bomba jembamba katikati ya dirisha, pamba nyepesi inafunika nusu ya chini wapita njia wasione kitanda, nusu ya juu iko huru na neti yake. Kwa mchana, shiya ya rangi ya maziwa juu yake. Alisema nusu pazia ni la hoteli za chai. Akachagua kitambaa hata hivyo.

Oktoba

Vumbi. Tangu mwisho wa Agosti mvua hamna, bodaboda zinapita, na shiya za sebule zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu, na upepo wote unapitia nusu hiyo. Ukilitazama pazia linapoanikwa utaona mstari kabisa, upande mmoja msafi, upande mmoja mchafu. Sasa tunabadilisha upande wa kufungua kila baada ya kufua.

Shiya zimeshonwa jozi mbili kwa kila dirisha la barabarani. Ni kitambaa cha bei nafuu, poliyesta, kinakauka kwa saa moja na hakinywei. Kabla ya maji lazima kikung'utwe nje, la sivyo vumbi linageuka tope na kujipaka kwenye nyuzi. Ile blakauti ya kufumwa imefuliwa kwa maji baridi na sabuni ya unga, imetoka salama. Jirani alinunua ile ya mpira. Anaifuta kwa kitambaa kibichi, na kila anapofuta michirizi inaongezeka. Simcheki, sebule yake ina giza zuri kuliko yangu.

Blaindi za vipande, zile za ofisini, nilizifikiria kwa jikoni kwa sababu ya moto wa jiko. Nimeona zilivyo kwa mtu mwingine: mafuta ya kukaangia na vumbi vikikutana juu ya vipande vile, unaosha kimoja kimoja kwa mkono. Jikoni kuna pazia fupi la pamba, linaishia juu ya kizingiti, mbali na jiko la gesi. Likichoka linakuwa la kufutia.

Desemba kuingia Januari

Jua limerudi kusini, joto limepanda, sebule inapimwa upya. Blakauti ikifungwa saa 9 chumba kinakalika, lakini ukipitisha mkono kati ya pazia na kioo unakutana na joto kali. Hapo ndipo uwezo wa pazia lolote unapoishia. Jua likishavuka kioo limeshaingia ndani. Kitambaa kinalipokea, kinapata moto, na joto hilo linatokea juu kidogokidogo. Bitana nyeupe inarudisha sehemu yake nje kupitia kioo, ndiyo maana upande unaotazama dirisha uwe mweupe hata kama pazia ni la kahawia. Kuzuia kwa kweli kunafanyika nje.

Kwa hiyo kazi ya mwisho ya sebule haikuwa ya fundi cherehani. Mwezi wa nne nilipanda mipesheni miwili chini ya dirisha la magharibi na kutandaza waya kutoka ardhini hadi kwenye mbao za bati, nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani ili hewa ipite. Sasa imefika nusu ya dirisha. Nusu ya chini ya pazia haipati moto tena. Ya juu bado. Shemeji anasema mipesheni italeta nyoka. Nimemwambia inaleta matunda, tutaona kipi kinatangulia. Mpaka mimea ifike juu, nusu iliyobaki nimeining'inizia mkeka wa matete kwa nje, unakunjwa kwa kamba. Mvua ikija unapandishwa.

Rangi: ile kahawia imepauka kidogo kwenye mikunjo inayotazama jua, sawa na nilivyotarajia, na ndiyo sababu sikuchukua ile ya zambarau iliyokuwa nzuri zaidi dukani. Ya zambarau na nyekundu zikipauka zinaonekana toka barabarani.

Kilichobaki: kulabu za pembeni za chumba chetu, jozi ya pili ya shiya ya mashariki, na kumrudishia fundi ngazi yake. Dirisha la bafuni limebandikwa stika ya ukungu kwenye kioo, halihitaji kitambaa. Kanga zimerudi kwa wenyewe, isipokuwa moja ambayo mama mkwe aliondoka nayo Moshi.